Mwanangu, unasoma Hisabati kwa macho

Nipo kidato cha pili hapa Mpanda. Darasa la saba nilikuwa napata A ya Hisabati, sasa napata 18. Kila usiku nasoma daftari mpaka saa tano na mifano ya mwalimu naielewa yote, lakini kwenye mtihani mkono unagoma. Wenzangu wanasema somo hili lina wenyewe. Nikariri kanuni zote?
Mwanafunzi, Makanyagio

Umejijibu mwenyewe pale uliposema unasoma daftari. Historia unaweza kuisoma hivyo, Hisabati haikubali. Ule mfano ulioufuata kwa macho ameukokotoa mwalimu. Wewe umekubali tu kwamba amepatia. Leo ufunike kwa karatasi, uukokotoe mwenyewe, kisha ufunue. Njia zenu zilipoachana, zungushia kalamu nyekundu na uandike pembeni ulikosea nini. Usifute. Kesho yake rudia swali hilo hilo kabla ya kugusa jipya. Nusu saa ya kila siku, usingizi haujaja, itakufaa kuliko kukesha Jumamosi.

Hao wanaosema lina wenyewe usiwasikilize. Mtihani wa kidato cha nne wa 2023, takriban robo tu ya watahiniwa ndio waliofaulu Hisabati, na siamini hata kidogo kwamba watoto watatu katika kila wanne hawana akili. Wengi hukwama kwenye lugha: shule ya msingi mmefundishwa kwa Kiswahili, kidato cha kwanza yakaja majina ya Kiingereza. Sehemu, vigawe na pembe ni vile vile ulivyovimudu. Ukurasa wa nyuma wa daftari, andika jina la Kiswahili kushoto, la Kiingereza kulia.

Kanuni kariri, ila kwanza uzipeleke shambani. Wakulima wengi ekari wanaipima hatua 70 kwa 70. Ekari kamili ni kama mita za mraba 4,047. Mwenye hatua ya sentimita 90 anapata mita 63 kila upande, yaani mita za mraba 3,969, amekaribia. Mwenye hatua ya sentimita 80 anapata 56 kwa 56, yaani 3,136. Hatua imepungua sentimita kumi tu, shamba limepungua mita za mraba 833! Ni kwa sababu ufupi wa hatua umeingia mara mbili, kwenye urefu na kwenye upana. Ukishalitembea jambo hilo kwa miguu yako, kanuni ya eneo hutaisahau, na kibarua anayelipwa kwa ekari utajua kama anapunjwa.

Kesho chukua ile karatasi ya alama 18 uanze nayo. Swali likikushinda mara mbili, mpelekee mwalimu daftari lenye kalamu nyekundu, umwonyeshe mstari ulipokwama. Usimwambie tu kwamba hujaelewa. Kisha niandikie tena, unitajie hatua yako ni sentimita ngapi.