Somo la Jikoni: Kinachorudi na Kisichorudi



Watoto wengi hukariri darasani kwamba yako mabadiliko ya muda na mabadiliko ya kudumu, wakafaulu mtihani, kisha wasiyatambue wakiyakuta jikoni kwao. Somo hili lisomwe pamoja nao, karibu na mafiga. Lina swali moja tu: kitu hiki kilichobadilika, je, chaweza kurudi kama kilivyokuwa?

1. Mabadiliko ya muda

Mafuta ya nazi huganda yakipoa chini ya nyuzi 24 hivi. Ndiyo maana asubuhi ya baridi huko milimani hukutwa magumu chupani, na jua likipanda huyeyuka. Ni mafuta yale yale. Vivyo hivyo chumvi ikikorogwa katika maji haionekani, lakini haikupotea. Chemsha maji hayo mpaka yakauke, nawe utaikuta chini ya sufuria. Watengenezaji chumvi wa pwani hutumia jua kwa kazi hiyo hiyo. Hapa kilichobadilika ni hali, si kitu chenyewe.

2. Mabadiliko ya kudumu

Vunja yai katika kikaango. Ute wake huanza kuganda joto lipitapo nyuzi 60. Ndani ya ute mna protini, mfano wa kamba ndogo sana zilizokunjwa. Joto huzikunjua, nazo zikashikamana. Lipoze yai utakavyo, halitarudi kuwa bichi. Ugali nao ukianikwa na kusagwa hautoi unga ule wa kwanza, kwa kuwa wanga wake umekwisha kuvimba kwa maji ya moto. Kuni zikiwa majivu na moshi, hazirudi tena.

Lakini tusihukumu kwa macho tu. Wengine husema mapovu ni dalili ya badiliko la kudumu. Mbona maji yakichemka hutoa mapovu, na mvuke ukigusa mfuniko hurudi kuwa matone ya maji? Swali letu lapita dalili zote.

3. Safari ya chokaa

Kuna vitu vinavyorudi kwa njia ndefu. Wajenzi wa Mji Mkongwe, Unguja, walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa hiyo hupatikana kwa kuchoma mawe kama hayo. Katika joto la nyuzi 900 hivi jiwe hutoa hewa ya kaboni, likabaki chokaa. Chokaa ikitiwa maji na kupakwa ukutani, hunyonya hewa ile ile polepole, kwa miezi na miaka, ikawa tena kitu kile kile kilichokuwa katika jiwe. Kupoa peke yake hakukuirudisha. Ilibidi irudishiwe kilichotoka.

4. Jambo la kuangalia sana

Wako wanaodhani kwamba moto hurekebisha kila kitu. Mahindi au karanga zikiota ukungu, wao huziosha, huzianika, kisha huzipika. Kumbe ukungu fulani huacha sumu iitwayo sumukuvu. Moto wa jikoni huua ukungu wenyewe, lakini sumu hubaki ndani ya chakula. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Tena usiwape ng'ombe wa maziwa mahindi hayo, maana sumu hupita hata ikafika katika maziwa.

Dawa ni kuzuia. Kausha mahindi upesi juu ya turubai, si juu ya udongo, na magunia yakae juu ya mbao. Kuyapima, chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa, uache kwa muda mfupi. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi hayajakauka, yarudishe juani.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

(a) Tofali bichi likinyeshewa hurudi kuwa udongo, lakini la kuchoma halirudi. Kwa nini?
(b) Mfuko wa sementi umenyeshewa ukaganda. Je, kuutwanga na kuuanika kutairudishia sementi nguvu yake?
(c) Taja mambo matatu yaliyobadilika jikoni leo. Lipi laweza kurudi, na kwa njia gani?