SOMO LA MADEREVA NA MAFUNDI: JE, KUCHANGANYA OILI KUNAUA INJINI?



Somo hili tunaliandika kwa sababu ya shauri moja lililotufikia hapa Ruti. Dereva mwenzetu, mwanachama, alikuwa akiendesha lori la kubeba mahindi na maharagwe kutoka Nakivale kuja Mbarara. Siku moja njiani ile taa nyekundu yenye picha ya birika ikawaka. Akasimama, akazima injini, akachomoa kijiti cha kupimia. Oili haikugusa hata alama ya chini. Ndani ya injini mlikuwa na oili ya sintetiki ambayo tajiri aliinunua mjini. Dukani kando ya njia ilipatikana sintetiki ya kampuni nyingine, ya bei ndogo zaidi. Akanunua lita 3 kwa fedha yake mwenyewe, akajaza, akafika Ruti salama. Wiki tatu baadaye injini ikanoki. Tajiri akasema, "Wewe ulichanganya oili. Injini utailipa kwa mshahara wako."

Tuseme kweli: hata baadhi yetu katika kamati tulidhani tajiri ana haki. Tumekulia gereji tukisikia maneno hayo, kwamba oili mbili zikikutana hupigana na kuganda kama ugali. Fundi mkubwa akisema hivyo, taniboi atabishaje? Basi tulikaa chini tukajifunza kabla ya kwenda kumtetea mwenzetu.

Kila oili ya injini ina sehemu mbili. Kwanza ni mafuta yenyewe. Pili ni dawa zinazotiwa ndani yake: ya kusafisha masizi, ya kuzuia kutu, ya kuzuia povu, ya kulinda chuma kisisagane na chuma. Oili ya kawaida mafuta yake hutokana na mafuta yasiyosafishwa yanayochimbwa ardhini. Oili ya sintetiki mafuta yake hutengenezwa na wakemia, ili yastahimili joto kali na yatiririke upesi wakati wa baridi. Huko Marekani oili ya Mobil 1 ilianza kuuzwa mwaka 1974, na sintetiki za zamani zile zilileta lawama kwa sababu mafuta yake yaliweza kusinyaza mipira ya sili, oili ikavuja. Watengenezaji walirekebisha jambo hilo zamani, lakini hofu yake ingali inatembea magereji mpaka leo.

Na hilo neno sintetiki lenyewe lisikutishe. Mwaka 1999 kampuni ya Mobil ilipeleka malalamiko juu ya mshindani wake Castrol mbele ya baraza la Marekani linaloangalia ukweli wa matangazo ya biashara. Ilisema kwamba mafuta ya ardhini, hata yakisafishwa kwa ukali namna gani, hayastahili kuitwa sintetiki. Mobil ikashindwa. Tangu hapo kopo lenye jina hilo laweza kuwa na mafuta ya namna hii au ya namna ile, au yote pamoja. Tena iko ile inayoitwa nusu sintetiki. Hiyo ni nini, kama si oili ya kawaida na ya sintetiki zilizochanganywa kiwandani na wenye kampuni wenyewe?

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Oili za injini zenye alama ya daraja la API, ambacho ni chama cha kampuni za mafuta cha Marekani, hutakiwa ziweze kuchanganyika. Katika maabara oili mpya hutiwa pamoja na oili za kielelezo, hupashwa moto, hupoozwa, kisha hutazamwa kama zinajitenga. Ikijitenga, imeanguka mtihani. Kwa hiyo sintetiki ya kampuni moja ikitiwa juu ya sintetiki ya kampuni nyingine, au juu ya oili ya kawaida, haigandi na wala haipigani.

Hatusemi ufanye mchezo huo kila siku. Kila kampuni hupanga dawa zake zifanye kazi pamoja, kama mpishi anavyopima viungo vya pilau. Ukichanganya, mpango ule unapungua nguvu. Sintetiki iliyochanganywa na oili ya kawaida huwezi tena kuiacha ikae kilomita nyingi kama sintetiki tupu, bali uihesabu kwa kipimo cha ile iliyo dhaifu, na umwage mapema. Lakini kupungua nguvu ni jambo moja, na kuua injini ni jambo jingine. Kinachoua injini upesi ni kuendesha bila oili ya kutosha. Dereva aliyeongeza oili ya kampuni nyingine njiani aliiokoa injini ya tajiri.

Sasa tutazame maandishi ya kopo, maana mfanyakazi asiyesoma kopo hudanganywa na muuzaji dukani na tena na tajiri ofisini. Kwanza namba, kama 5W-30, 15W-40, 20W-50. Namba ya kwanza, yenye herufi W, yaonyesha oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. Ikiwa ndogo, oili hupanda upesi asubuhi. Namba ya pili yaonyesha uzito wake injini ikiwa moto. Malori mengi ya dizeli huandikiwa 15W-40. Magari madogo mapya ya Kijapani mengi huandikiwa 5W-30 au hata 0W-20, kwa sababu nafasi kati ya beringi na kranki ni finyu na oili nzito huchelewa kupita. Ukichanganya 5W-30 na 20W-50 utapata kitu cha katikati. Kitakufikisha nyumbani, ila ukifika kirekebishe. Kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho, si fundi anayesema "nchi yetu ya joto, tia nzito tu." Mbarara iko juu ya mita 1,400 na asubuhi zake tunazijua.

Pili herufi. S ni ya injini za petroli, C ni ya dizeli, na herufi inayofuata ikisonga mbele katika alfabeti ndivyo oili ilivyo ya daraja jipya. SN ilianza mwaka 2010, SP mwaka 2020. Kwa dizeli CI-4 ni ya 2002 na CK-4 ni ya 2016. Kopo lenye SF ni la daraja la zamani mno. Usilitie katika injini ya gari la miaka hii kwa sababu tu muuzaji ameandika sintetiki kwa rangi ya dhahabu.

Ziko oili zisizofaa kabisa kuchanganywa na ya injini. Oili ya giaboksi, ya sukani na ya breki, hizo zina kazi zake, na kila mwaka tunasikia mtu amemimina jerikeni bila kuuliza. Ndugu zetu wa bodaboda nao waangalie: katika pikipiki nyingi oili ya injini ndiyo inayolowesha klachi, na oili nyingine za magari zina dawa za utelezi zinazoifanya klachi iteleze. Tafuta kopo lenye alama JASO MA au MA2. Na wale wa viwanda vya maziwa wanaotunza mashine za kupoza, somo hili la injini msilipeleke huko. Oili za kompresa zinazoitwa PAG hazichanganyiki na oili za kawaida hata kidogo. Fuateni maandishi ya mashine.

Oili ya kupimwa kutoka kwenye pipa tunaiogopa kuliko mchanganyiko wowote. Huwezi kujua kama ni mpya, au ni chafu iliyochujwa ikarudishwa sokoni. Ukinunua kopo, tazama kifuniko hakijafunguliwa, tazama alama ya ubora ya shirika la viwango la Uganda, na ukimaliza litoboe kopo tupu ili mtu asilijaze tena. Hiyo oili chafu pia msinawie mikono, kama tunavyoona vijana wengi wakifanya. Ikikaa kwenye ngozi miaka mingi yaweza kuleta kansa.

Turudi kwa mwenzetu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema kwamba kabla ya mwajiri kuamua kumfukuza mtu kwa kosa la kazini, lazima amweleze sababu katika lugha anayoielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu mwingine amchaguaye mwenyewe. Mwenzetu alituchagua sisi. Tukaomba maelezo yawe kwa Kiswahili, yakawa kwa Kiswahili. Tukauliza maswali matatu: Oili iliyomo ilipelekwa wapi kupimwa? Filta ilibadilishwa lini? Na kwa nini oili ilikuwa imekwisha siku ile?

La kwanza halikuwa na jibu. La pili, filta ilikutwa imeziba. Haikuguswa tangu lori liliponunuliwa. La tatu lilijibiwa na dereva mwenyewe, kwa sababu sili ya nyuma ya kranki ilikuwa ikivuja na yeye alitoa taarifa mara tatu. Lakini alitoa kwa mdomo. Tajiri akasema hakusikia hata moja, na fundi aliyekuwapo akatazama chini.

Kazi yake ilibaki na makato yakasimamishwa. Mshahara wa mwezi mmoja uliokuwa umekwisha kukatwa haujarudishwa, nasi tungali tunaudai. Zile lita 3 alizonunua pia hazijalipwa. Kama ile taarifa ya sili ingekuwa imeandikwa, shauri lingekwisha siku moja.

Kwa hiyo kila dereva na kila mwendesha trekta awe na daftari. Unapoongeza oili andika papo hapo, kwa mfano hivi: "Jumanne, saa 4 asubuhi, njia ya Nakivale. Taa ya oili imewaka, nimezima injini. Kijiti chini ya alama. Nimeongeza lita 3, 15W-40, CI-4, kopo jipya. Injini inavuja nyuma, nimeomba itengenezwe." Mpe msimamizi asome na kutia sahihi. Akikataa, andika kwamba amekataa, na taniboi atie sahihi yake kuwa shahidi. Kopo tupu na risiti usivitupe mpaka oili hiyo imwagwe.