TUHIFADHI MAHINDI KATIKA VYOMBO VIKUUKUU

Hebu tulitazame debe. Zamani debe lilikuwa chombo cha mafuta ya taa. Mafuta yalipokwisha, wazee wetu hawakulitupa. Walilifanya kipimo cha nafaka mpaka leo. Basi na sisi tusitupe madumu ya zamani wala friji bovu.

Hapa Majimoto tunavuna mahindi mvua zikiisha. Wengi wetu tunauza upesi kwa bei ya chini, maana tunamwogopa dumuzi. Mvua zikirudi tunanunua mahindi yale yale kwa bei ya juu. Hiyo ni hasara mara mbili, si ndiyo?

Dumuzi ni mgeni. Asili yake ni Amerika ya Kati. Alijulikana kwanza kwa jirani zetu wa Tabora, karibu na mwaka 1980. Wakulima wakamwita Scania, kama lile lori. Lakini ana udhaifu mmoja: lazima apumue. Chombo kikizibwa kabisa, hewa iliyomo inakwisha, naye anakufa bila dawa.

MAHINDI YAKAUKE KWANZA

Mama mmoja katika darasa letu alijaza dumu kabla mahindi hayajakauka. Alipolifungua alikuta ukungu mtupu. Dumu halikuwa na kosa. Ukungu wa namna hiyo unaweza kutoa sumukuvu. Sumu hii haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu.

Tupime hivi: tia mahindi kidogo katika chupa kavu ya kioo. Ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu. Ziba, tikisa kwa dakika chache, kisha ngoja robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi. Yaanike tena juu ya turubai, siyo juu ya udongo.

KUJAZA DUMU

1. Tumia dumu la mafuta ya kula au la maji. Dumu lililowekwa dawa ya shamba lisitumike kamwe, hata likioshwa mara kumi.
2. Lioshe kwa sabuni, likauke kabisa.
3. Pepeta mahindi, ondoa yaliyooza na yaliyotobolewa.
4. Jaza mpaka juu kabisa, hewa isipate nafasi. Dumu la lita 20 huchukua debe moja.
5. Weka kipande cha mpira wa baiskeli chini ya kifuniko, kaza sana.
6. Weka dumu kivulini, juu ya mbao. Usifungue fungue. Maliza moja, ndipo ufungue jingine.

FRIJI BOVU

Friji likilazwa chali ni kasha zuri la kuzuia panya. Weka humo chupa za maharage na mbegu. Lakini ng'oa mlango, funika kwa ubao mwepesi. Watoto hupenda kujificha ndani. Kukosa hewa kunakomwua dumuzi humwua na mtoto.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini dumu lijazwe mpaka juu?
2. Nyumbani kwako kuna madumu mangapi yasiyo na kazi?
3. Ukihifadhi madebe sita hadi mvua zirudi, utaokoa shilingi ngapi? Piga hesabu kwa bei za hapa kwetu.