Vipele Kwenye Ulimi wa Mtoto: Tazama Kwanza, Wembe Uwe Mbali

Mtoto akisukuma kijiko cha uji, msogeze mlangoni penye mwanga umwangalie mdomoni. Vinundu vikubwa vilivyojipanga nyuma kabisa, karibu na koo, si ugonjwa. Kila mtu anavyo, hata wewe. Kipele kimoja chekundu au cheupe kwenye ncha ya ulimi mara nyingi hutokana na kujing'ata au chakula cha moto, nacho huisha chenyewe baada ya siku chache.

Utando mweupe usiofutika kwa urahisi, hasa kwa mtoto anayenyonya, huwa ni fangasi. Zahanati watampa dawa ya kudondoshea mdomoni, na mama naye akaguliwe chuchu. Utando huo ukirudi mara kwa mara, au ukimtokea mtoto aliyekwisha kuvuka mwaka, kubali apimwe VVU. Vipele vya mdomoni vikitokea pamoja na vya viganja na nyayo, mara nyingi ni virusi vinavyoambukizana upesi kwa watoto wanaocheza pamoja. Huisha kwa siku 7 hadi 10. Lakini homa yenye vipele mwili mzima na macho mekundu huenda ikawa surua: nenda kituoni siku hiyo hiyo.

Mdomo wenye vidonda haupatani na chungwa, ndilo tunda ambalo hapa Ukerewe halikosekani. Mpe uji uliopoa, maziwa, na maji yaliyochemshwa yakapoa, kidogo kidogo. Anayenyonya aendelee kunyonya. Asali asionjeshwe kabla hajatimiza mwaka 1, na aspirini asipewe kabisa. Parasetamo inatosha, kwa kipimo cha uzito wake.

Sasa wembe. Sehemu nyingi za Tanzania bado wapo wanaomkata kimeo mtoto anayekohoa, na wanaomng'oa "meno ya nailoni" mtoto mwenye homa na kuhara. Hayo yanayoitwa ya nailoni ni meno yake halisi, bado machanga ndani ya fizi. Yakichokonolewa, mtoto huvuja damu, huweza kupata pepopunda, na jino la baadaye huenda likaota limepinda au lisiote kabisa. Anayetaka kukwangua vipele vya ulimi kwa wembe au kuvisugua kwa chumvi hana tofauti na hao. Hata akiwa ni bibi mwenye nia njema, mwelezeni kwa adabu, ila msikubali.

Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea asiamke vizuri, au asipokojoa nusu siku, usingoje kupambazuke. Walioko mjini waende hospitali ya wilaya hapa Nansio, wa Ukara waende Kituo cha Afya Bwisya. Mnaokaa kwenye visiwa vidogo, ondokeni mapema, boti zikiwa bado zinapatikana. Beba kadi ya kliniki: muuguzi atataka kuona kama amepata chanjo ya surua ya miezi 9 na ile ya miezi 18.