Kuunganisha Slabu za Zege za Kiwandani

Slabu za zege zinazoletwa saiti zikiwa zimeshakomaa hupunguza mbao, mirunda na siku za kusubiri. Lakini kiwanda kinakuuzia vipande tu. Vipande hivyo huwa jengo pale vinapokutana, na ungio hilo analitengeneza fundi wa saiti kwa mikono yake.

Mei 1968, kwenye jengo la Ronan Point mjini London, lenye ghorofa 22 na lililojengwa kwa paneli za zege, gesi ililipuka ghorofa ya 18. Mlipuko ulisukuma ukuta nje, na kona nzima ya jengo ikaporomoka. Watu 4 walikufa. Lilipobomolewa mwaka 1986, baadhi ya maungio yalikutwa yamejazwa magazeti mahali palipostahili mota.

Anza na kikalio, yaani sehemu ya slabu inayokaa juu ya bimu au ukuta. Juu ya bimu ya zege, slabu iingie walau milimita 75. Juu ya ukuta wa matofali, 100. Hivyo ni vipimo vya kawaida, na mchoro wa mhandisi ukitaka zaidi, fuata mchoro. Tandaza mota upana wote wa kikalio kabla winchi haijaishusha slabu. Usiichomekee kokoto au kipande cha mbao ili ilingane na pima maji, maana uzito wote utaelemea hapo na zege litapasuka.

Kwenye nondo, kuwa mkali. Mara nyingi nondo zilizochomoza huzuia slabu ya pili kukaa, na fundi mwenye haraka huzikunja au kuzikata. Kataa kabisa. Inua slabu, sogeza, na ikishindikana mwite mhandisi. Nondo za pande mbili zinatakiwa kupishana kwa urefu ulioandikwa kwenye mchoro, ambao aghalabu ni mara 40 hadi 50 ya kipenyo. Kwa nondo ya milimita 12, ni sentimita 48 hadi 60. Zifunge kwa waya na uziwekee biskuti za zege ili zege lizizunguke pande zote.

Sasa safisha ungio kwa brashi ya waya, utoe vumbi, mchanga na mabaki ya mifuko ya saruji. Limwagie maji mpaka zege la zamani lishibe, ila pasibaki dimbwi. Likiwa kavu litanyonya maji ya zege bichi, na ufa utaonekana mapema. Kwa zege la kujazia, tumia kokoto zisizozidi milimita 10. Zile za milimita 20 hukwama kwenye nondo na kuacha matundu chini yake. Usiongeze maji ili zege liteleze. Tumia vibreta nyembamba, na isipopenya shindilia kwa kipande cha nondo mpaka mapovu yakome. Ungio likianza kujazwa, limalizwe siku hiyohiyo.

Lifunike kwa magunia mabichi na ulimwagilie kwa siku 7. Mirunda iliyoshikilia slabu ibaki hadi mhandisi aruhusu, na usirundike matofali juu ya slabu hizo.

Kwako mwenye nyumba: kabla zege halijamwagwa, mlete mhandisi akague kila ungio, piga picha za nondo, kisha asaini. Zege likishamwagwa, hakuna atakayeziona tena.