SOMO: Rapoti ya ushirika, tujifunze kuitengeneza wenyewe

Katika ziara zetu tulikuta ushirika mmoja ambamo wenyeji na wakimbizi wa ndani wanaweka maharagwe katika depo moja. Walikuwa na kompyuta yenye programu ya hesabu. Kila mwezi ilitoa rapoti ya jumla tu: kilo zilizoingia, kilo zilizouzwa, pesa zilizobaki. Mama mmoja mkimbizi akauliza: «Na kilo zangu ziko wapi?» Karani hakuweza kumjibu. Jibu lilikuwa ndani ya kompyuta, lakini hakuna aliyejua kulitoa. Baada ya majuma machache ikasemwa kwamba wenyeji wanakula mali ya wageni.

Fitina hiyo haikuletwa na wizi. Ililetwa na rapoti isiyojibu swali. Basi tutafuteje mafunzo ya kuibadilisha?

1. Tuandike swali kwanza. Komite iandike kwenye karatasi yale ambayo wanachama wanataka kuona. Bila hiyo, mwalimu atafundisha anachokijua yeye.

2. Tuijue programu yetu. Tumuulize aliyetuuzia: mkataba unaturuhusu kuzisoma habari zake wenyewe? Zinaweza kutolewa kwenda Excel au LibreOffice? Zikiweza, huenda mafunzo mafupi ya majedwali yakatosha. Tusilipie mafunzo makubwa kwa shida ndogo.

3. Tuanze na SQL. Hii ni lugha ya kuuliza ghala la habari lililo ndani ya kompyuta. Ilizaliwa miaka ya 1970, na programu nyingi za biashara zinaitumia hata leo. Swali la yule mama laweza kuandikwa hivi:

SELECT namba, SUM(kilo) FROM mapokezi GROUP BY namba;

Maana yake: katika orodha ya mapokezi, jumlisha kilo za kila namba ya mwanachama. Tunatumia namba, si jina, kwa sababu akina Furaha wanaweza kuwa watatu.

4. Kisha chombo cha rapoti cha programu yetu. Kila programu ina chake. Kwa mfano Odoo, iliyoanzishwa Ubelgiji mwaka 2005 kwa jina lingine, huandika sura ya rapoti kwa QWeb, na mabadiliko makubwa yanahitaji lugha ya Python. Kwa hiyo tusimuulize mwalimu tu kama anajua kompyuta. Tumwombe atuonyeshe rapoti aliyoitengeneza katika programu kama yetu.

5. Tupatane vizuri. Tulipe kwa sehemu. Sehemu ya mwisho itolewe siku ambayo wanafunzi wetu wametengeneza rapoti bila mwalimu kugusa kompyuta. Atuachie masomo kwenye ufunguo wa USB, maana umeme na intaneti hukatika.

6. Tulinde watu. Tujifunzie kwenye nakala, kamwe si kwenye hesabu yenyewe. Katika nakala hiyo tubadilishe majina, tufute namba za simu na mahali watu wanapolala. Orodha ya wakimbizi ikianguka katika mikono mibaya inaweza kuua.

7. Wajifunze wawili. Mmoja mwenyeji, mmoja mkimbizi, na ikiwezekana mmoja awe mwanamke. Akijua mmoja peke yake, mashaka yatahama tu kutoka kwenye mashine kwenda kwake. Na mkimbizi akirudi kwao, kazi haitakufa, naye atakuwa amebeba ujuzi.

Ushirika ule ulichagua vijana wawili kwa njia hiyo. Walipobandika rapoti mpya mlangoni pa depo, yule mama alitafuta namba yake, akasoma kilo zake kwa sauti. Kuna waliokuta makosa, nayo yakasahihishwa mbele ya wote. Hapo ndipo maneno yalipoanza kupoa.

Maswali ya kujadiliana

– Katika chama chetu, ni swali gani ambalo rapoti hailijibu?
– Nani anaweza kufungua hesabu leo? Akihama, nani atabaki?
– Ni habari gani za wanachama hazifai kubandikwa mlangoni?