FUNDISHO: BEI YA NAFAKA MAVUNO YANAPOPUNGUA

Wewe mlimaji wa Masisi na Walikale, sikiliza vema. Watu wengi hudhani kwamba mavuno yakipungua kidogo, bei nayo hupanda kidogo. Sivyo. Watu wa zamani waligundua neno hili kwa kuandika bei.

Mwaka 1699, Charles Davenant wa Uingereza alichapisha hesabu ya nafaka; husemwa kwamba asili yake ni mwenzake Gregory King. Tuipime kwa mfano. Mwaka mwema nchi huvuna vikapu 100, na kikapu kimoja ni faranga 10.

Vikiwa 90, bei ni 13.
Vikiwa 80, bei ni 18.
Vikiwa 70, bei ni 26.
Vikiwa 60, bei ni 38.
Vikiwa 50, bei ni 55.

Tazama: nafaka imepungua nusu, bei imepita mara tano. Sababu ni hii: tumbo halingoji. Nguo mpya mtu aweza kuiacha, chakula hawezi.

Baadaye, mwaka 1776, Adam Smith wa Scotland aliweka katika kitabu chake orodha ya bei za ngano tangu 1202 mpaka 1764. Bei ya mwaka mmoja hudanganya. Bei za miaka mingi hufundisha.

Lakini usiishike hesabu ile kama sheria ya kwetu. Muhogo hungoja ardhini, na mahindi yakikosa watu huula. Hivyo hupunguza ukali wa bei. Tena kwetu kuna barabara na mgodi. Bati lilipoanza kuchimbwa Bisie mwaka 2002, watu wengi waliingia mwituni: walaji wakazidi, na chakula kikabebwa mgongoni. Septemba 2010 serikali ilisimamisha uchimbaji mpaka Machi 2011. Basi mgodi huleta wanunuzi, na amri moja yaweza kuwaondoa.

Fanya hivi:

1. Usiuze yote siku ya mavuno. Tenga kwanza mbegu, kisha chakula cha nyumba mpaka mavuno mengine, ndipo uuze. Mwenye kuuza chakula cha watoto kwa 10 atakinunua tena kwa 18.

2. Kausha nafaka vizuri kabla ya kuiweka ghalani. Iliyoliwa na wadudu haina bei.

3. Usiache shamba lote kwa ajili ya mgodi. Panda muhogo pia.

4. Kila juma, siku ile ile ya soko, andika bei kwa kopo lile lile. Kopo likibadilika, hesabu ni uwongo. Andika pia kama barabara imekatika.

MASWALI

Mavuno yakipungua kutoka vikapu 100 hata 80, bei huongezeka faranga ngapi katika hesabu ya Davenant? Nani hupata hasara: mwenye ghala, au mwenye kuuza yote mapema? Kwa nini?